Kikombe cha Bati cha Mzee Ngwele

Soma taratibu hadi mwisho, kisha mpelekee yule unayedhani amekununia.

Mzee Ngwele alivusha watu mtoni kwa mtumbwi miaka thelathini. Kila ukingo ulikuwa na kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Msafiri wa ng'ambo akikigonga, Ngwele aligonga chake mara tatu: nimesikia, nakuja. Ndivyo alivyompata mkewe, Sikudhani, binti aliyekuwa akigonga hata siku asizokuwa na safari.

Uzeeni mikono ya mzee ikaanza kutetemeka, uso ukakakamaa. Bi Sikudhani alimpikia, akamwogesha, akamtania; hakupata tabasamu wala asante. Alichopata ni kelele za kikombe cha bati mzee alichokigonga kwa kijiko, ngo, ngo, ngo, mpaka akamnyang'anya na kumpa cha plastiki. Moyo ulimuuma sana. Siku moja akafunga kanga zake kwenye furushi, aende zake kwa kaka yake.

Lakini hakutaka kumwacha bila dawa, basi akapitia zahanati kwanza.

"Daktari, huyu mtu kanichoka. Hata kucheka nami hataki."

"Hajakuchoka, bibi. Seli za neva kichwani hazigusani. Kati yake kuna mwanya, kama mto. Ujumbe ukifika ukingoni huvushwa na kemikali, ukapokewa ng'ambo. Kwa mzee wako kemikali moja, dopamini, imepungua. Kicheko anacho, wavushaji ndio wachache."

Bi Sikudhani alirudi nyumbani mbiombio, uzee kausahau. Akatoa kile kikombe cha bati alikokificha, akakijaza uji, akakaa karibu na mumewe.

"Baba Zuhura, mtumbwi wako ulikuwa unavuja, nami nikakukubali hivyohivyo!"

Uso wa mzee haukusogea. Siku nyingine Bi Sikudhani angenyanyuka na kwenda jikoni akinung'unika. Safari hii alingoja. Mkono wa mzee ulitetemeka, tetemeko lisilo na hesabu. Kisha ukatulia, ukashika kijiko, ukainuka polepole.

Ngo. Ngo. Ngo.

Mara tatu. Miezi yote ile ilikuwa mara tatu, wala mkewe hakuwahi kuhesabu.

"Kumbe ulikuwa unanijibu, mume wangu," alisema huku akilia. "Nami nikakunyang'anya reli yako."

Akafungua furushi, akatoa kanga moja, akamfuta mzee uji uliomwagika kidevuni.

Funzo: Jibu likichelewa, usiseme halipo, huenda limeshatoka moyoni na linangoja kuvushwa. Ngoja, na usimnyang'anye mwenzako kile anachokujibia.