Ufagio wa Bi Mashavu

Sogeeni, mkeka bado mpana, niwape ya mji wa Kitopeni. Walikuwako wake wenza wawili, Bi Mashavu na Bi Rukia, na kati ya nyumba zao kijito kilichokufa kwa taka. Bi Rukia, mke mdogo, akazoa taka za upande wake, akapanda matete. Vyura wakarudi, ndege wakarudi, na mume naye akahamishia kiti chake huko.

Roho ikamuuma Bi Mashavu. Akainamia maji, akaliita zimwi la kijito.

"Nipe ulichompa mke mwenzangu."

Zimwi likatoa kichwa chenye magugu, likampa konzi ya tope. "Mwaga ukingoni kwako. Ila usifagie."

Asifagie? Yeye, ambaye uwanja wake ulisifiwa mtaa mzima? Alfajiri tope likachipua. Akaona uchafu, akafagia. Likachipua tena, akafagia tena. Mara ya tatu likachipua na kichura juu yake, na ng'ambo akamsikia mume anacheka. Akafagia kichura na vyote.

Kisha kwa hasira akaurusha ufagio ng'ambo, umpige mwenzake. Ukajichomeka topeni.

Kulipokucha ulikuwa umeota majani, na ndege ametaga humo.

"Bi mkubwa," Bi Rukia akamwita, "njoo uone ufagio wako."

Bi Mashavu akafunga dirisha. "Hata ufagio," akasema peke yake, "hata ufagio umehamia kwake."

Ngano yangu naiacha kijitoni, anayeitaka akaichukue.