Mapigo Sabini na Mawili

Nisikilizeni, na mwenye haraka ya kujibu aume ulimi kwanza.

Katika wodi moja huko Tukuyu walikuwapo wauguzi watatu, kila mmoja na kipaji chake. Subilaga alikuwa na masikio: mgonjwa akinung'unika pembeni kabisa, yeye alisikia. Anyitike alikuwa na mizani, na hakuna kilo iliyompotea. Tumpe, mkubwa wao, alikuwa na vidole. Akimshika mgonjwa wa moyo kifundo cha mkono dakika nzima, alijua kama kidonge kinamsaidia au kinammaliza. Kidonge hicho hupunguza mwendo wa moyo, basi mapigo yakiwa chini ya sitini, hakitoki mpaka daktari aulizwe.

Siku moja akaletwa mzee Mwaisaka, miguu imevimba, pumzi juu juu. Alikuwa baba mkwe wake Tumpe. Kwa mila ya kwao, mke hamtazami usoni baba wa mumewe, sembuse kumshika. Angeweza kumwomba mwenzake ampimie, lakini ni yeye aliyewakaripia wenzake miaka yote kwamba wodini hakuna mkwe. Aliona haya kumgusa mzee, akaona haya zaidi kusema kwamba anaona haya. Basi asubuhi tatu alisimama mbali na kitanda, akanakili namba aliyoiandika daktari siku ya kwanza: sabini na mbili. Kidonge kikatolewa.

Siku ya nne Subilaga alimsikia mzee akikataa uji, eti umegeuka manjano, na mashuka nayo manjano. Akampasha daktari habari.

Asubuhi hiyohiyo Anyitike alimpandisha mzee kwenye mizani, akakuta kilo sita zimekwenda kwa siku tatu. Dawa nyingine aliyopewa, ya kutoa maji mwilini, ilikuwa imevuka mpaka, na mwili ukikauka hivyo kidonge cha moyo hugeuka sumu. Naye akasema.

Daktari akafungua faili. Kuona manjano ni dalili ya sumu ya kidonge hicho; hilo na uzito vilimtia shaka, lakini mapigo yalikuwa mazuri. Akachukua kalamu aandike kidonge kiendelee.

Tumpe alihisi uso unamwaka. Akinyamaza, heshima yake itabaki na mzee atakufa.

"Daktari, namba hizo ni uongo," alisema. "Sijamgusa hata siku moja."

Mbele ya wodi nzima, mama mkwe wake akiwa palepale na bakuli la uji, aliushika mkono wa mzee akahesabu dakika nzima. Arobaini na moja. Kidonge kikasimamishwa, na wiki ya pili mzee akaruhusiwa.

Mama mkwe akarudi na mtamba wa ng'ombe, apewe aliyemwokoa mumewe. Subilaga alidai kwamba asingesikia yeye, daktari asingeshtuka. Anyitike akamjibu kwamba bila kilo zake, manjano yangeonekana porojo za mzee. Wote wawili wakakiri kwamba bila neno la Tumpe, kidonge kingeendelea. Tumpe alitamani ardhi ipasuke, akasema yeye asihesabiwe.

"Mwanangu," mama mkwe akamwambia, "mzee hakuniuliza nani alikosea. Kauliza nani alimwokoa."

Maneno hayo yalimchoma kuliko matusi.

Haya, mtamba hagawanywi akiwa hai. Je, wewe ungemkabidhi nani kamba? Na kama ni Tumpe, ungemwambia nini hata anyooshe mkono aipokee?