Kwa Nini Akina Esposito ni Wengi Napoli

Zamani hizo, katika jiji la Napoli, chini ya mlima unaofuka moshi, Esposito halikuwa jina la ukoo wa mtu yeyote. Wahunzi walikuwa na jina lao, na wenye nywele nyekundu walikuwa na lao. Esposito lilikuwa chapa tu, kama ile wanayopigwa ng'ombe.

Kwenye ukuta wa nyumba ya watawa palikuwa na pipa la mbao linalozunguka. Aliyetaka kumwacha mtoto alimlaza ndani ya pipa kwa upande wa barabarani, akagonga ukuta, akaenda zake. Mtawa alilizungusha pipa akampokea mtoto bila kumwona aliyemleta. Utaratibu huo ulipangwa ili mzazi asione haya. Na mtoto je? Mtoto aliandikwa Esposito, yaani aliyewekwa nje, na jiji zima likajua. Mzazi alifichwa, mtoto akatangazwa!

Aniello alipitishwa humo akiwa na miaka miwili. Tundu la pipa lilikuwa la kupitisha kichanga, kwa hiyo waliomleta walimpaka mafuta wakamsukuma mpaka bega likateguka, na mkono wa kushoto haukunyooka tena. Hata hivyo alikua, akawa mwoka mikate hodari katika tanuri la Mzee Pasquale Capuano. Yeye na Rosaria, binti wa mzee huyo, wakapendana.

"Mkono wako sina neno nao," Mzee Pasquale alimwambia. "Unakanda unga kuliko hawa wazima wanaonilia mikate yangu. Ila binti yangu hataitwa jina la pipa. Kesho twende kwa karani uchukue jina langu. Wenzako wangapi wamebadilisha, na nani anawajua?"

Ni kweli, wengi walikuwa wamebadilisha. Kila aliyepata nafasi alilivua lile jina, na akipita karibu na pipa alitazama kando. Aniello naye alikubali, maana duniani hapakuwa na kitu alichokitaka kumshinda Rosaria.

Kesho yake wakaenda wote watatu, Rosaria akiwemo. Karani alichovya kalamu, akatabasamu. "Hongera, kijana. Leo unakuwa mtu."

Aniello alihisi uso ukimuwaka. "Jana nilikuwa nini?"

"Jana? Jana ulikuwa Esposito!" Karani akacheka, na Mzee Pasquale akacheka naye.

"Basi andika hilo hilo," alisema Aniello. "Mimi sikumtupa mtu. Aliyetupa ndiye abadilishe jina."

"Usiponisikiliza, mwanangu, harusi hakuna!" mzee alifoka.

Aniello akamgeukia karani. "Andika, bwana karani."

Ndipo Rosaria akasogea mezani. "Baba, jina lako ulizaliwa ukalikuta, hukulitolea jasho. Bwana karani, andika, na watoto wetu wote waandike hivyo hivyo."

Mzee Pasquale alitoka, na harusini hakuonekana. Wawili hao walijenga tanuri lao, na juu ya mlango wakachora ESPOSITO kwa herufi za urefu wa mkono. Wakazaa watoto tisa. Waliokuwa wamejificha katika majina ya watu walikuja kununua mikate, wakasimama mlangoni wakisoma, kisha mmoja mmoja wakaenda kwa karani kudai jina lao.

Na tangu hapo akina Esposito hawakupungua tena. Hata leo, ukiita "Esposito!" katika soko la Napoli, watageuka muuza samaki, daktari na hakimu, na wote wataitika kwa sauti, wamekukazia macho.