Neno la Mbuzi na Kondoo

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni kwa nguvu. Kuni zenyewe mbichi na moshi unanitoa machozi. Nisiposikia sauti zenu nitadhani nimebaki peke yangu. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Hii ni habari ya enzi zile ambazo hakuna mtu aliyewahi kumfunga mbuzi kamba shingoni. Mbuzi walikuwa na kijiji chao, na kondoo walikuwa na chao. Mbuzi walikaa Majabalini, juu kwenye mawe. Kondoo walikaa Bondeni, kwenye majani. Katikati ulipita mto mdogo ambao hata mtoto angeuvuka bila kulowa tumbo, lakini hakuna aliyeuvuka. Mbuzi waliwaona kondoo wazito wa akili. Kondoo waliwaona mbuzi hawana adabu, wanapanda juu ya kila kitu na kusema ovyo.

Kila kijiji kilikuwa na zizi lake, limezungushiwa ua wa miiba. Na kila kijiji kilikuwa na mzee wake. Wa mbuzi aliitwa Mwinyi Ndevu, msemaji ambaye akianza kuzungumza, watu huondoka, wakala, wakarudi wakamkuta yupo kwenye utangulizi. Wa kondoo aliitwa Mzee Sufu. Huyo alikuwa mpole, ila akishapinga jambo hakuna wa kumsogeza.

Halafu palikuwa na Chui.

Chui hakubagua. Alikula Majabalini, akala Bondeni. Mbuzi wana masikio mepesi, jani likianguka wanaamka; lakini wakishaamka hutawanyika, kila mmoja na njia yake, na Chui humfuata anayemtaka. Kondoo hawatawanyiki. Husimama bega kwa bega, na vichwa vyao vizito kama nyundo. Ila usingizi wao, wacheni tu. Chui anaingia, anachagua, anatoka, wao wanaota majani.

Msimu mmoja wa baridi, alfajiri ya ukungu, Chui alimchukua mtoto wa mbuzi mmoja jike aliyeitwa Siwema. Hakukaa sana, akamchukua na mtoto wa kondoo mmoja jike wa Bondeni, jina lake Mashavu. Wale mama wawili wakakutana mtoni, kila mmoja upande wake. Walikuja kunywa maji lakini hakuna aliyeyagusa. Mashavu maziwa yalikuwa bado yanamtoka, hayana wa kuyanyonya. Siwema akayaona. Yeye mwenyewe yalikuwa yakimdondoka vilevile. Akaingia majini akavuka.

Wakasimuliana. Mashavu alisema hakusikia chochote. Aliamka tu akakuta ubavuni pake pamepoa. Siwema alisema yeye alisikia kila kitu, akakimbia, akidhani mtoto yuko nyuma yake.

"Ningekuwa na masikio yako," Mashavu alisema, "ningekuwa na mwanangu."

Siwema alitazama kwato zake. "Na mimi ningekuwa na miguu yako isiyokimbia," alisema.

Basi hapo ndipo wazo lilipotoka. Wakaenda kwa wazee wao, wakawaomba vijiji viwili vilale pamoja: mbuzi wasikilize, kondoo wasimame. Mwinyi Ndevu akakubali. Mzee Sufu akakubali. Vijiji vyote vikakubali. Tangu dunia iumbwe, hapajawa na jambo lililokubaliwa upesi namna ile. Kilichobaki kilikuwa kulitangaza tu, wazee wakaitisha baraza kwenye mchanga wa mtoni.

Mwinyi Ndevu alisimama, akakohoa, akazungumza mpaka vivuli vikahama. Mwisho akasema, "Kwa hiyo, ndugu zangu, tuungane."

Mzee Sufu akauliza: kuungana vipi?

Mwinyi Ndevu akamweleza kwamba ni kama kamba mbili zinavyoungwa, hii inabaki hii na ile inabaki ile. Mzee Sufu akatafuna, akafikiri. Akasema kamba zikiungwa kuna ya mbele na kuna ya nyuma, je, ya mbele ni ya nani? Tena mchuzi nao huungwa kwa tui, na tui likishatiwa hakuna anayelikumbuka, watu husifu mchuzi. Je, kondoo ndio tui? Kondoo wote wakaguna. Hawakuwa wamewahi kufikiri kwamba wao ni tui, lakini sasa waliona kweli, inauma.

Siwema akaomba ruhusa ya kusema. Akauliza, wakati neno linatafutwa, watoto walale wapi?

"Neno kwanza, binti yangu," Mwinyi Ndevu alimjibu. "Zizi baadaye."

Wakalala kila mtu kwake. Alfajiri ile Chui alichukua mtoto Majabalini.

Baraza likakaa tena. Safari hii Mzee Sufu ndiye aliyeleta neno. Alisema, kwa sauti yake ya taratibu, tuchanganyike. Akaeleza kwamba vinavyochanganyika havina mbele wala nyuma. Mbuzi wakaruka. Mmoja akasema mchele nao huchanganyika na mchanga, na kinachotemwa kinajulikana. Mwingine akasema mtu akipotewa na akili huambiwa amechanganyikiwa, na hivyo ndivyo kondoo wanavyotaka kuwafanya mbuzi. Mwinyi Ndevu akachambua neno lile mzizi na matawi, tangu kuchanga mpaka kuchanganuliwa, na alipomaliza hakuna aliyekumbuka walikuwa wanazungumzia nini.

Mashavu akauliza, sasa watoto walale wapi?

"Neno kwanza," Mzee Sufu alisema. "Zizi baadaye."

Wakalala kila mtu kwake. Alfajiri ile Chui alichukua mtoto Bondeni.

Baraza la tatu lilikaa kwa huzuni, na wote waliahidi kuwa wafupi. Likaletwa neno kushikamana. Kwa muda kidogo ilielekea litapita. Kisha mtu akakumbuka kwamba ndege naye hushikamana na ulimbo, mpaka wenye ulimbo waje wamchukue, na ugomvi ukaanza upya: nani ndege, nani ulimbo? Siwema na Mashavu wakauliza kwa pamoja habari ya watoto. Wazee wakawajibu kwa pamoja, neno kwanza, zizi baadaye. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza wazee wale wawili kusema kitu kimoja.

Wakakata shauri kwamba jambo limewazidi. Anahitajika mtaalamu, asiye mbuzi wala kondoo, atakayewaambia neno lipi ni lipi.

Sasa sikilizeni. Wewe uliye karibu na moto, sukuma hicho kigogo ndani, hapa pazuri.

Aliyejitokeza alikuwa Chui. Alikuja mchana kweupe, amejilamba mpaka anang'aa, akakaa mbali kwa heshima, makucha yake ameyaficha. Akatoa pole kwa misiba iliyotokea. Akasema amesikia kuna shida ya neno, na yeye hana kubwa la kutoa ila uzoefu. Amezitembelea jamii zote mbili kwa miaka mingi, na anawajua mbuzi na kondoo kwa ndani kuliko wanavyojijua wenyewe.

Siwema akageuka kuwatazama wazee, akidhani watatimua mbio au watapiga yowe. Wazee walikuwa wanatikisa vichwa kwa kuafiki.

"Babu," alimwambia Mwinyi Ndevu, "huyu ndiye anayetula."

Mwinyi Ndevu akamjibu kwamba hilo linajulikana, na ndilo linalompa sifa. Angekuwa amekula mbuzi tu, kondoo wangefaidi. Angekuwa amekula kondoo tu, mbuzi wangefaidi. Lakini huyu huku amekula na kule amekula, hana upendeleo. Mzee Sufu akaongeza kwamba baraza lisichanganye mambo ya chakula na mambo ya lugha.

Chui akawafundisha. Alisema maneno yote waliyoyaleta ni mazuri, na akayasifu moja moja, mpaka kila mwenye neno akavimba kifua. Lakini lililo sahihi, alisema, ni kuchanganyika. Na kuchanganyika kwenyewe kuna sharti. Unga na maji haviwezi kuchanganyika kimoja kikiwa ndani ya kibuyu na kingine ndani ya mtungi. Chombo kinachowatenga lazima kiondoke. Akatazama juu Majabalini, akatazama chini Bondeni.

"Mimi naona miiba," alisema. "Pale pana miiba, na pale pana miiba. Hamwezi kuniambia mmechanganyika."

Baraza likashangilia. Kumbe shida ilikuwa miiba, na siku zote walikuwa wanalaumu neno. Ikaamriwa nyua zote mbili zibomolewe, na zikishabomolewa ifanywe karamu, na Chui awe mgeni wa heshima.

Siwema na Mashavu walirudi mtoni wakakaa. Mashavu alisema yeye hajui kubishana na wazee, akibishana hulia. Siwema alisema yeye anajua, lakini haisaidii. Wakawa wanatazama vijana wakivuta miiba kutoka kwenye zizi la mbuzi na kuitupa mteremkoni, ikirundikana. Kisha Mashavu akasema, polepole, ile miiba inatupwa wapi?

Wakaenda kwa wazee wakajitolea kuiondoa, isije ikamchoma mgeni siku ya karamu. Wazee wakawasifu kwa moyo wao wa usafi. Basi akina mama wa Majabalini na akina mama wa Bondeni wakaiburuta ile miiba, midomo inatoka damu, mpaka kwenye kisiwa kidogo cha mawe katikati ya mto, ambako hakuna mzee aliyewahi kukanyaga kwa sababu hakikuwa cha upande wowote. Miiba ya nyua mbili ikawa ua mmoja, mnene, wenye mlango mwembamba. Wakawaingiza watoto. Mbuzi wakapanda juu ya mawe. Kondoo wakajipanga chini mlangoni. Hapakuwa na hotuba.

Siku ya karamu wazee na wapambe wao walikaa mahali pa wazi, hapana ua mbele wala nyuma. Mwinyi Ndevu alimkaribisha mgeni kwa maneno marefu. Chui alisikiliza, mkia wake unapiga chini taratibu. Alipopewa nafasi alisimama, akasema sasa atawaonyesha kuchanganyika kwa vitendo.

Akamrukia Mwinyi Ndevu.

Wapambe wa mbuzi walitawanyika. Wapambe wa kondoo waliganda. Mzee Sufu, ambaye hakuna aliyewahi kumsogeza, alisogea upesi sana kuelekea mtoni, ameacha nusu ya manyoya yake kwenye kucha za Chui. Mwinyi Ndevu alibaki chini, paja lake limo mdomoni mwa mtaalamu, na kwa mara ya kwanza hakuwa na neno.

Mbuzi waliokuwa juu ya mawe waliona yote. Siwema alihisi miguu yake inataka kwenda, ile miguu iliyomfanya amwache mtoto. Mtu angeweza kusema, mwache aliwe, si ndiye aliyemwalika? Nami sijui ningefanya nini. Siwema alipiga kelele, lakini hakukimbia. Alisimama palepale juu ya jiwe akawaelekeza wenzake chini: kulia kwenu, nyuma ya kichuguu, amekupeni mgongo. Na Mashavu na kondoo wenzake wakafungua mlango wakatoka bega kwa bega, wakavuka maji, wakapanda ukingo kwa mwendo mmoja kama gogo linaloviringika. Chui aliinua kichwa kuona ni kitu gani, akapigwa ubavuni na vichwa ishirini kwa mpigo. Mbavu zikasikika.

Alijikokota akaenda, na hakurudi. Nasikia yuko nchi nyingine sasa, na huko anaalikwa sana kwenye mabaraza.

Mwinyi Ndevu aliokolewa, anachechemea. Mzee Sufu alipatikana amejificha kwenye matete. Jioni, watoto walipokwisha kutolewa kunywa maji, vijiji vyote viwili viliingia kisiwani, mmoja mmoja, na Mashavu alikaa mlangoni akihesabu watoto wanavyopita. Wake hakuwemo, wala wa Siwema. Walijua hivyo, ila macho yao yaliendelea kutafuta mpaka wa mwisho alipopita.

Wakabaki wazee wawili nje. Mashavu aliwashikia mlango.

Mwinyi Ndevu akasema yuko tayari kuingia, ila kwanza ieleweke anaingia kama aliyejiunga, si kama aliyeunganishwa. Mzee Sufu akasema akitumia kujiunga yeye haingii, maana anayejiunga huwa amekuta wenyewe, na wenyewe ni nani? Mwinyi Ndevu akapendekeza kukusanyika. Mzee Sufu akasema kinachokusanywa ni takataka.

"Wazee wetu, shikamooni," Mashavu alisema. "Giza linaingia."

Wakamwomba awape muda kidogo, wanakaribia kukubaliana. Akawapa. Manyunyu yakaanza. Akasubiri tena, kisha akauvuta mlango taratibu, akaufunga.

Waliolala ndani waliwasikia kwa muda mrefu, kujumuika, kuambatana, kulingana, sauti zinapungua kadiri mvua ilivyozidi. Baridi ya usiku ule ilikuwa ya kuua. Asubuhi Siwema alipofungua mlango aliwakuta palepale kizingitini, wamekumbatiana usingizini, ndevu za mmoja zimezama ndani ya manyoya ya mwenzake, huwezi kujua huyu anaishia wapi na yule anaanzia wapi.

Akawaruka bila kuwaamsha, akaenda kula majani ng'ambo ya Bondeni.

Nami nilipowaacha walikuwa bado wanakoroma. Ngano yangu inalala nao hapohapo.