Dubwi la Mkwabi

Kwa choyo, jamani, Mkwabi hakuwa na mwenzake mtaani. Alikuwa na dubwi, ile mashine ya kamari inayomeza sarafu. Bi Sikudhani, muuza vitumbua, alilitia sarafu yake ya mwisho, ya mchele wa kesho. Kioo kikaonyesha ameshinda arobaini. Dubwi likatema nne.

"Mkwabi mwanangu, mbona kioo kinasema arobaini?"

"Kioo si hakimu, bibi. Kinachotoka ndicho chako."

"Hata likitapika zote?"

"Hata zote! Hawa hapa mashahidi."

Bi Sikudhani akawageukia wachezaji, akacheka mpaka akashika kiuno. "Litapike nini, tumbo tupu hilo? Mnalilisha bure, lina njaa kuliko ninyi!"

Watu wakaangua kicheko, wawili wakaanza kujiondokea.

"Tupu?" Mkwabi akapandwa na hasira, akachomoa ufunguo. "Njoo uone, bibi, usinichafulie biashara!"

Akalifungua tumbo kwa pupa. Sarafu za wiki nzima zikaporomoka, lakini sakafuni hazikufika. Bi Sikudhani alikwisha kutandaza kanga.

"Zimetoka, mwanangu," akasema, akifunga fundo. "Na mashahidi bado wapo."