Mibuni Kumi na Minne

Hapo zamani, zamani ya juzi tu na si ile ya wanyama kusema, watoto watatu waliachiwa na baba yao kihamba kimoja, shamba la ukoo lenye kahawa na migomba. Wakashindwa kukigawa wenyewe, wakaenda mahakamani.

Mpimaji akakata vipande vitatu vilivyo sawa. Lakini kipande cha kati kilikuwa na nyumba ya mama yao, na mama haoni. Kila asubuhi hutoka jikoni hadi kwenye mfereji akishika mibuni kumi na minne, mmoja baada ya mwingine, na kurudi hivyohivyo. Atakayepewa kipande hicho ndiye atakayeishi na mama. Wote watatu wakakitaka.

Ndeshi, wa kwanza, akasema, "Mheshimiwa, miaka sita mimi ndiye ninayemwogesha. Hawa wenzangu wanamjua kwa simu."

Elirehema, wa pili, akasema, "Dada anasema kweli. Lakini macho ya mama yalipoanza kufifia, mibuni ile niliipanda mimi. Nilimwambia atembee, na kila aliposita kutafuta pa kujishikiza, nikachimba shimo."

"Halafu ukatafuta mtu wa kuinunua," akasema Aika, kitinda mimba.

Elirehema akainama. Mwaka uliopita mwanawe aliugua, naye akataka kuuza kihamba kizima. Aika ndiye aliyefungua kesi ya kumzuia, uuzaji ukasimama.

"Mwaka mzima kaka na dada hawajanisemesha," akasema Aika. "Bila kesi yangu, leo tungekuwa tunagombea nini?"

"Mama haogeshwi kwa karatasi za kesi," akajibu Ndeshi.

Hakimu akamwuliza mama anataka kukaa na nani. Mama akafungua fundo la kanga, akatoa ndizi tatu za kuchoma.

"Wamekaa wapi? Hawajala tangu asubuhi."

Akawapapasa nyuso mmoja mmoja, akawapa. Kisha akasema, "Mheshimiwa, mimi niachie miti yangu. Mtoto usinichagulishe, wote walinitoa jasho lilelile."

Hakimu akachukua kalamu, akaiweka chini, akaichukua tena.

Nanyi mnaonisikiliza mkiwa mmeshiba, msaidieni. Yupo Ndeshi anayemwogesha mama, yupo Elirehema aliyempandia njia, yupo Aika aliyeiokoa njia hiyo. Je, kipande cha kati alistahili nani?