Kuba ya Wandani

Katika mji wetu wa Wandani alitawala Sultani Harithi bin Saadi, mwenye enzi na mwenye haraka, na haraka yake ilizidi enzi yake. Akamwamuru Fundi Mwinyikai ajenge msikiti wa matumbawe, wenye nguzo arubaini na kuba kubwa, uishe kabla ya Ramadhani, na akashurutisha itumike chokaa mbichi, ingali na moto wa tanuri. Kuba ikaporomoka usiku mmoja kabla haijakamilika, na alhamdulillahi hapakuwa na mtu ndani.

"Jenga tena," akasema Sultani. "Ikisimama, binti yangu Jauhara ni mkeo. Isiposimama, desturi waijua."

Desturi ya Wandani, nasi twajivunia hata leo, ni kwamba siku ya kuondoa miti inayoshikilia kuba, fundi aliyeijenga huketi chini yake.

Basi Mwinyikai alipokuwa akichonga jiwe la mihrabu, akakuta ndani yake pete ya shaba, akaifuta, na lahaula! akatokea jini Sarkashi, mrefu kupita mnazi.

"Labeka, bwana wangu! Niamuru niishike kuba kwa mkono wangu, nawe hutadhurika."

Mwinyikai aliogopa kufa, tusidanganyane. "Na siku utakapochoka," akamjibu, "waumini wamesujudu chini? Sitaki. Kaa kando."

Akaenda barazani, akainama. "Maulana, niruhusu chokaa ilale shimoni mwaka mzima, ikinywa maji. Usiponiruhusu, nitajenga leo, na siku ya kuondoa miti tuketi sote wawili, mkeka mmoja."

Mawaziri wakatazama viatu vyao. Sultani akakuna ndevu.

"Mwaka mmoja," akasema, "kwani ni mwingi?"

Naye Jauhara akatuma salamu kwamba heri kungoja mwaka kuliko kufiwa na mume kabla ya harusi.

Mwaka ukatimia, na kuba ikajengwa, na ikakauka. Siku ya miti Mwinyikai akatandika mkeka, na Sultani, kwa haya, akaja akaketi ubavuni mwake. Mti wa mwisho ukatolewa. Likadondoka vumbi kidogo kilembani mwa Sultani, basi, na vigelegele vikapaa mji mzima.

Wakaoana, wakala karamu siku saba, na Mwinyikai akapewa mali isiyo kifani. Ndipo Sarkashi akamjia, kichwa chini.

"Nisamehe, bwana wangu. Siku ile nilikaidi, nikapeleka mkono kwa siri niishike kuba. Nikakuta hainihitaji."

Mwinyikai akacheka, akaivunja pete, na jini akaomba ruhusa ya kuswali safu ya nyuma.

Mwenye haraka na aulize habari za ile kuba ya kwanza. Ya pili ingalipo, njoo uitazame, na haikushikwa ila na mikono ya watu wetu.